Projekta na Kitu Kilicho Kando ya Dirisha

12 Januari

Mdogo wangu Nukta,

Pokea salamu kutoka kliniki, ambako nimejibanza kati ya mgonjwa aliyetoka akilia na mwingine anayejifanya kapotea njia ili asiingie. Huku sote wazima. Wifi yako ameanza mazoezi ya kutembea na saa ya mkononi inayohesabu hatua; siku hizi akienda jikoni kuchukua chumvi anapitia sebuleni, barazani na uani. Binti yetu karudi bweni na sanduku zima la biskuti, anakusalimu shangazi yake. Mama goti linamsumbua likitaka na kupona likitaka, hasa akisikia kuna mahali pa kwenda. Shemeji yangu je? Bado yuko kwenye ile safari ya kazi?

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka jirani yetu muuza vigae. Amejenga chumba cha sinema nyumbani kwake: viti vinane vinavyolala, zulia hadi ukutani, na projekta inayojaza picha ukuta mzima. Alitualika Jumapili moja mchana. Nukta, palikuwa na chui pale ukutani, nikahesabu sharubu zake. Niliporudi nyumbani nikawasha televisheni yetu, nikadhani mtu kabandika stempu.

Nami nataka. Na sitaki ya kubahatisha. Nataka projekta ya hali ya juu, ile ambayo muuza vigae akiiona ataomba maji ya kunywa. Wewe ndiye fundi wa mitambo ya picha, umefunga mitambo kwenye kumbi ambazo mimi hata mlinzi wa mlangoni hawezi kuniruhusu kuingia. Kwa nini nimuulize kijana wa dukani ambaye mwezi jana alikuwa anauza magodoro? Kila nikimuuliza swali anajibu, "Hii ni ya leza, daktari," kana kwamba leza ni ukoo wa heshima.

Vipimo ni hivi: urefu mita tano na sentimita ishirini, upana mita nne, dari mita mbili na themanini. Dirisha moja, linatazama mashariki. Tuseme chumba kiko wazi.

Majibu leta kliniki, si nyumbani. Na usipige simu. Mama hasikii akiitwa kumeza dawa, lakini simu yangu ikilia yuko mlangoni kabla yangu. Ujumbe nao wifi yako husoma akitafuta picha za mtoto. Tumeandikiana barua tangu ulipokuwa bweni, haitatuua tukiendelea.

Kaka yako, mtu wa meno

3 Februari

Kaka,

Barua yako ilinikuta juu ya ngazi, ikabidi niishike kwa meno mpaka niliposhuka, kwa hiyo samahani ukiona nakujibu kana kwamba sikusoma pembe ya kulia. Mimi mzima. Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa wafuga nyuki, watu mia tatu, na mwenyekiti wao akapanda jukwaani picha zake zote zikiwa kichwa chini miguu juu. Alihutubia dakika kumi kabla hajageuka. Watu walikuwa wamepinda shingo, na hakuna aliyesema neno, wanamheshimu mno. Shemeji yako bado yuko safarini, kazi zimemwandama.

Sasa nisikilize. Acha kuuliza ununue projekta gani. Hapo ndipo watu wenye uwezo wanapopotea. Projekta hufuata chumba kama meno ya bandia yanavyofuata ufizi. Huwezi kununua meno mazuri kwanza, halafu ukaenda kutafuta mdomo.

Kwa hiyo nijibu. Hilo dirisha la mashariki lina pazia la namna gani? Jua la asubuhi ni adui wa picha. Kuta zina rangi gani? Ukitupa mwanga kwenye ukuta wa rangi, ukuta unarudisha rangi yake juu ya picha. Projekta ya kawaida, ili itoe picha ya upana wa mita tatu, inahitaji kukaa kama mita nne kutoka ukutani, ikining'inia darini. Je, hapo pa kuning'inia, chini yake kuna nini? Na pana kelele gani? Usinijibu "hakuna". Hakuna chumba kisicho na kelele.

Halafu, kaka, ni chumba kipi hicho? Nyumba yako naijua. Sikumbuki chumba kilicho wazi.

Nisalimie Mama. Mwambie nitampigia Jumapili, kazi zikiruhusu.

Nukta

20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika na nimezigawa. Mama amesema, "Jumapili ipi?"

Wifi yako amefikisha hatua elfu kumi siku ya Jumatano, akatuinua wote mezani kumpigia makofi. Kazini nimeng'oa gego la mtu mkubwa kwa umbo na kwa sauti. Alinishika tai, tukawa tunang'oana.

Nakujibu. Pazia lipo, lina maua. Kuta ni waridi. Waridi iliyopauka, si ya kuumiza macho. Ndiyo rangi iliyokuwapo.

Kuhusu chini ya mahali pa kuning'inia: kuna kitu kimoja. Kipo upande wa dirisha, lakini kinaenea hadi katikati. Si rahisi kukihamisha. Kina urefu wa mita moja na nusu hivi, ingawa mchana mara nyingi kinakuwa chini zaidi. Kinahitaji mto. Kuhusu kelele: kinatoa kelele kidogo alfajiri, kisha kinatulia hadi saa nne, baada ya hapo inategemea kimekula nini. Nikikisogeza kwa ghafla hakitafurahi.

Nilitaka pia kukuuliza, kitaalamu tu: hewa ya moto inayotoka kwenye projekta, ikimpulizia mtu mzima aliyelala, ina madhara? Na mwanga wa leza, mtu akiinuka kwenda chooni akapita mbele yake?

Swali lako la mwisho nimeliona. Nitalirudia.

Kijana wa dukani sasa ananiambia 4K. Ukoo mwingine.

Kaka yako

30 Machi

Kaka,

Nimechelewa. Mara mbili niliandika, mara mbili nikachana.

Waridi? Hiyo rangi niliipaka mimi kwa mikono yangu, wiki ile Mama alipohamia kwako. Mkebe ulimwagika nikatembea na kidole gumba cha waridi mwezi mzima. Na pazia la maua alilishona yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kinakaa, kinalala, kinakula, kinahitaji mto. Daktari, hicho "kitu" chako ndicho kilichokuzaa! Mita moja na nusu! Mama ana mita moja na hamsini na tano, na akisikia umempunguza sentimita tano atazirudisha kwa fimbo.

Sitakupa jina la projekta hata moja mpaka unijibu swali jepesi: Mama atalala wapi?

Mimi mzima. Shemeji yako yuko safarini.

Nukta

11 Aprili

Nukta,

Sisi wazima, asante kwa kutouliza.

Mama atalala kile chumba kidogo karibu na jikoni. Kiko karibu na choo, hakina ngazi, na kwa goti lake ni bora. Nilikuwa napanga kumweleza taratibu. Tangu Januari napanga kumweleza taratibu. Juzi nilikaa kitandani kwake nikaanza, "Mama, hivi hiki chumba hukioni kikubwa sana?" Akasema, "Nakiona. Ndiyo maana nakipenda." Nikamkata kucha nikaondoka.

Lakini na wewe usinipandie juu ya ngazi yako ukanihubiria. Mama yuko kwangu mwaka wa sita. Wewe umemkaribisha mara ngapi? Mara moja, na siku ya nne ulikuwa umeshamrudisha, hata swichi ya taa ya choo hajaizoea. Kila nikikuandikia kwamba Mama anakuulizia, unanijibu kuhusu wafuga nyuki. "Kazi zikiruhusu." Kazi gani hiyo isiyokuwa na Jumapili kwa miaka miwili? Mume ana safari, mke ana ukumbi, mama ana mimi. Basi na mimi niachieni chumba kimoja!

Unaniona mtu wa anasa, anayetaka kumtoa mamaye kwa ajili ya chui ukutani. Sababu ninayo. Si ya kuandika.

Kaka yako

4 Mei

Kaka yangu,

Natumai barua hii inakukuta huna hasira, au angalau unazo zile ndogo. Huku mvua imetulia. Nimebadilisha taa za ukumbi mkubwa zote, mikono haiinuki hata kuchana nywele.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Nitaandika haraka kabla sijaichana na hii.

Shemeji yako hayuko safarini. Aliondoka mwaka juzi mwezi wa Agosti, na alipokwenda si mbali, ni mitaa minne tu, tunakutana sokoni na kusalimiana kama watu waliowahi kupanga foleni moja. Hatukupigana. Aliniambia nyumba imekuwa kimya kwake, nikamwambia nitawasha redio. Ndiyo ilikuwa hotuba yangu yote. Wewe unanijua, mtambo ukiharibika najua pa kushika, mtu akiharibika nashika bisibisi nikabaki nayo mkononi.

Mama alipokuja zile siku nne ilikuwa wiki ya pili baada ya hapo. Nilikopa viatu vya kiume vya mlinzi wa ukumbi nikaviweka mlangoni. Siku ya nne mlinzi akavitaka viatu vyake. Ningefanyaje? Tangu hapo, kila nikitaka kumwalika naingia bafuni naona mswaki mmoja kwenye kikombe, naahirisha. Wewe ni mtu wa meno, utanielewa.

Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, kazi zikiruhusu. Nimeliona hilo nililoandika, lakini silifuti.

Sasa projekta. Kwa ufundi tu, na ninasikitika kusema hivi: chumba cha Mama ndicho chumba bora zaidi katika nyumba yako. Lakini si lazima atoke. Ziko projekta za siku hizi zinazokaa karibu kabisa na ukuta, juu ya kabati fupi, zikatupa picha kwenda juu. Hazining'inii juu ya mtu, na mtu akienda chooni hapiti mbele ya mwanga. Ofisini tunazo mbili za majaribio. Moja ni ya kuning'iniza, inang'aa sana, ya kumbi. Nyingine ni hiyo ya karibu, ya nyumbani, yenye mwanga mdogo zaidi lakini giza lake zuri. Nitakutumia zote mbili kwa mzigo, mjaribu, mnirudishie.

Na hiyo sababu yako isiyoandikika, iandike. Mimi nimeandika yangu.

Nukta

23 Mei

Nukta,

Kaa kwanza. Kama uko juu ya ngazi, shuka.

Barua yako ya tarehe nne imesomwa. Na Mama.

Usinilaumu kabla hujasikia. Jumanne alikuja kliniki kwa ajili ya meno yake mapya ya chini. Mimi nilikuwa na mgonjwa. Karani wangu wa mapokezi, mtu mwenye adabu kupita kiasi, akaona barua ya familia na mama wa familia, akampa. Mama akakaa pale kwenye benchi, akavaa miwani, akaisoma yote kwa utulivu, akaikunja, akaitia mkobani. Mimi sina habari. Namwita, anaingia, anakaa kitini, namuuliza goti, ananijibu vizuri. Nachanganya ile dawa ya kuchukulia chapa ya ufizi, nzito kama uji ulioganda, namjaza mdomoni, namwambia, "Mama, dakika tatu usiseme kitu."

Ndipo akafungua mkoba, akanyoosha barua mbele ya uso wangu.

Nukta, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, sijawahi kuona dakika tatu ndefu vile. Hawezi kusema, ananitazama tu, na mimi ndiye mwenye mdomo mtupu. Nikaanza kujieleza. Nikaanza na vigae. Nikaeleza leza. Nikasema chumba kidogo kiko karibu na choo. Akainua unyusi mmoja. Nikamwambia ile sababu.

Basi na wewe isome, maana sasa si siri. Siku ile kwa muuza vigae, kwenye giza lile, wifi yako alicheka. Sikumbuki kulikuwa na nini ukutani. Alicheka mpaka akanishika mkono, na nikajua kwamba sijaisikia hiyo sauti mwaka mzima. Hatugombani. Kila mtu na simu yake, kila mtu na hatua zake. Nikafikiri tukipata giza kama lile nyumbani kwetu, huenda atacheka tena. Ndiyo hiyo. Mtu mzima na digrii yake.

Dakika zikaisha. Nikatoa chapa. Mama akasukutua, akatema, akajifuta taratibu.

"Kumbe mimi ni kitu," akasema.

"Mama, ile ilikuwa namna ya kuandika tu..."

"Na kinahitaji mto." Maneno hayo uliyanukuu kwenye barua yako ya Machi, si kwenye hii. Lazima kaipata kwenye droo yangu. Sikuthubutu kuuliza.

Kisha akasema, na hili nakunukulia neno kwa neno: "Mwambie mwenzio huyo mume wake niliacha kumtaja kwenye maombi tangu mwaka juzi. Vile viatu mlangoni vilikuwa namba kumi na moja. Mkwe wangu alivaa nane."

Alijua, Nukta. Alikuwa anangoja umwambie.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo chumba...?" Akaniambia hatoki. Nikasema sawa. Akatafuta miwani yake, kisha akauliza, "Hiyo picha yenyewe ni kubwa kiasi gani?"

Tuma hizo projekta.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Namba kumi na moja imenifika. Nilimpigia Mama Jumapili. Tulizungumza saa moja na nusu, dakika tano kuhusu yaliyotokea na zilizobaki kuhusu namna anavyotaka pazia.

Mzigo umeondoka leo, makasha mawili. Kasha jekundu ni ile ya kuning'iniza, kasha la kijivu ni ile ya karibu. Usiziguse lenzi kwa kidole, zifute kwa kitambaa nilichoweka, si kwa shati lako la kazi. Ile ya karibu iweke sentimita thelathini kutoka ukutani na uhakikishe kabati halichezi, ukiisogeza kidogo tu picha inapinda kama kofia ya mlevi. Nimeweka na picha za samaki wa baharini, ndizo tunazopimia rangi. Kila mtazamaji aseme anachokiona kabla ya kusikia wenzake. Funga pazia, bandika na blanketi juu yake. Mchana unatosha.

Kama Mama akiipenda mojawapo, niandikie amesema nini hasa. Maneno yake, si yako.

Nukta

1 Julai

Mdogo wangu,

Tumepima! Makasha yalifika salama, yamekunjwa pembe moja tu, na kwa bahati ni pembe ya kasha.

Jumamosi saa nane mchana. Mama kitandani, mito mitatu, shuka la wageni. Wifi yako kwenye kiti. Mama pia alimwalika muuza vigae bila kuniuliza, eti kila shindano linataka mtu wa nje, akamketisha kwenye kigoda cha kuogea. Mtu mwenye viti vinane vinavyolala, Nukta, kwenye kigoda.

Tukaanza na ile ya kasha jekundu. Nilipoiwasha picha ilikuwa kichwa chini miguu juu. Nikawakumbuka wafuga nyuki wako. Muuza vigae akapinda shingo kwa adabu, Mama akasema, "Daktari, samaki wako wamekufa." Nikapata kitufe, wakafufuka. Inang'aa kweli hiyo. Muuza vigae akapiga mluzi. Mimi nikaipenda papo hapo. Ila feni yake inaunguruma, na hewa ya moto ikawa inampulizia Mama utosini.

Kisha ile ya kijivu. Nilipima sentimita thelathini kwa rula ya kliniki. Mwanga wake ni mtulivu zaidi, nikaona kama imeshindwa. Tukafika pale baharini chini kabisa, penye giza. Mama akakaa wima. Unataka maneno yake:

"Ile ya kwanza giza lake ni chai ya maziwa. Hili ni giza."

Basi. Muuza vigae akaniuliza kwa sauti ya chini kama yake mwenyewe inaweza kurekebishwa giza. Aliomba maji ya kunywa. Sikuongeza chumvi kwenye furaha yangu, nilimletea tu.

Lakini sijamaliza. Akaja papa, kafunua mdomo ukuta mzima, meno safu tatu, mengine yamelala, mengine yamevunjika. Mimi kwa mazoea nikasema, "Hapo pana kazi ya miezi miwili." Mama akanigeukia: "Huyu ndiye wa Jumatatu saa tatu? Mwambie aje na tai, mshikane." Wifi yako akacheka. Alicheka mpaka saa yake ya mkononi ikampongeza kwa mazoezi. Akaniegemea begani akifuta machozi. Nikasimamisha papa palepale mdomo wazi, nikajifanya natafuta rimoti, ili wasinione uso.

Kwa hiyo ya kijivu ndiyo tutakayoagiza. Ila muuza vigae aliona jambo, na ni kweli: samaki wote wana haya. Hata papa alikuwa na mashavu mekundu. Ni zile kuta zako za waridi. Wewe ulishasema. Lazima tupake kijivu cha kukolea, kuta zote na dari, na fundi anasema harufu haifai kwa mtu wa umri wake. Nikamwambia Mama, kwa woga wote nilio nao, kwamba itabidi alale pengine wiki tatu. Nikamtajia chumba kidogo karibu na jikoni.

Akasema, "Wiki tatu sitakaa jikoni. Nitakwenda kwa Nukta."

Anakuja na basi la Alhamisi tarehe kumi na moja, anafika saa kumi jioni. Goti limepona tangu alipokata tiketi.

Kaka yako

6 Agosti

Nukta,

Salamu. Wiki tatu zimepita, na ya nne inakwisha, na hujaandika. Nawaza mko wazima, maana habari mbaya zingefika.

Chumba kimekamilika. Kijivu kimekauka tangu tarehe ishirini na tano. Kabati nimelifunga ukutani kwa skrubu nane, halichezi. Pazia la maua wifi yako alilifua, tukaweka zito nyuma yake ili la maua libaki upande wa kuonekana. Kitanda kiko palepale, tumekiinua kidogo kichwani.

Juzi mchana tulikaa wawili humo tukawasha wale samaki. Picha ni nzuri, sina la kusema. Papa akaja, akafunua mdomo. Nikasema ile ya miezi miwili. Wifi yako akatabasamu, akatazama mito, akasema, "Hakuna wa kukujibu." Tukazima. Tukaenda kutembea pamoja, hatua elfu sita, tukizungumza habari za Mama njia nzima. Siku hizi tunatembea kila siku, hilo naomba ulijue.

Muuza vigae amekuja mara mbili kuuliza onyesho ni lini. Nimemwambia mwenye chumba hayupo.

Mama anarudi lini? Rangi imekauka kabisa, nimeigusa kwa kiganja.

Kaka yako

20 Agosti

Kaka,

Tu wazima, wawili, na barua yako tumeisoma wote, kwa hiyo usijisumbue kuuliza nani anasoma nini.

Alifika na basi lile, akapanda ngazi ghorofa tatu bila kusimama. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno tangu asubuhi. Nikafungua mlango, akapita, akakagua chumba hadi chumba, akafungua kabati la nguo. Upande mmoja una nguo zangu, upande wa pili una hangeri tupu kumi na tatu. Nikasema, "Mama, nilitaka kukueleza..." Akasema, "Nguo zangu zinataka hewa," akaanza kutundika zake. Alimaliza hangeri zote. Baada ya hapo ndipo nilipolia, na yeye aliendelea kunyoosha kanga mpaka nilipomaliza, halafu akaniuliza kama nyumba hii ina chumvi.

Anakwenda nami kazini. Sikumwomba. Wiki jana, mkutano wa wakaguzi wa barabara, akakaa safu ya mwisho. Mkurugenzi akaweka ukutani jedwali la herufi kama sisimizi. Mama akasimama: "Baba, huku nyuma hatuoni!" Nilitaka kuingia ndani ya spika. Ukumbi mzima ukapiga makofi, mkurugenzi akaomba radhi, na bosi wangu sasa ananiuliza kila Jumatatu kama Mama atakuja, maana anapima picha kuliko vipimo vyetu. Jioni tukirudi ananiambia taa ipi ilikuwa imechoka. Kaka, hakosei.

Narudi nyumbani saa kumi na moja siku hizi. Zamani nilikuwa nakaa ukumbini nikikunja nyaya zilizokwisha kukunjwa.

Usinielewe vibaya, chumba chake anakitaka, na kitanda chake, na papa wake. Ameniambia niandike kwamba sentimita thelathini zisiguswe, na muuza vigae asikalishwe kitandani. Atarudi. Nilimsomea ile sehemu kwamba rangi imekauka kabisa na umeigusa kwa kiganja, nikamuuliza, "Mama, nimjibu nini?"

Alikuwa barazani anaanika nguo. Hakugeuka.

"Mwambie apake tena."

Nukta